Vipande vya tende na karanga vinavunjika, vinanata, vinaota ukungu: nirekebishe nini?

Swali: Ninaishi Tanga, nina watoto watatu wa shule. Nimeanza kuwatengenezea vipande vya tende, karanga, korosho na embe kavu ili waache biskuti. Tende naziloweka usiku kucha, asubuhi nazisaga kwenye blenda, nachanganya na karanga nzima, nabana kwenye sinia na kuweka kwenye friji. Mara ya kwanza vilivunjika nilipokata. Nikaongeza asali ya nyuki wadogo, vikashika, lakini vikawa vinanata mkononi, na siku ya tano nikaona ukungu mweupe. Sina ovena, nina jiko la gesi. Majirani wameanza kuulizia, nami ningependa kuuza. Nakosea wapi?

Jibu: Dada, ahsante kwa kueleza hatua moja moja. Umenirahisishia kazi, kwa sababu kosa lenyewe limo ndani ya maelezo yako: tende unaziloweka. Ukiacha kuloweka, shida mbili kati ya tatu zitaondoka siku hiyo hiyo. Ya tatu, ile ya kuvunjika, ina sababu yake nyingine, na asali haikuwa dawa yake.

Tende iliyoiva na kukauka vizuri ina maji kama asilimia 20 tu, na sukari zaidi ya asilimia 60. Sukari nyingi namna hiyo huyashika maji yaliyopo, ukungu ukija haupati ya kunywa. Ndiyo maana tende ziliweza kusafiri kwenye majahazi kutoka Ghuba hadi pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, majuma kadhaa baharini, bila friji na bila dawa ya kuhifadhi. Ukizitia kwenye bakuli la maji usiku kucha, unavunja ulinzi huo. Rojo linalotoka kwenye blenda asubuhi ni tamu vilevile, lakini maji yake sasa yako huru, na vijidudu wanayaona kabla yako.

Sisi tunaosindika chakula tunayapima maji hayo huru kwa kipimo kinachoanzia 0 hadi 1, ambapo maji matupu ni 1. Bakteria wengi wa hatari hushindwa kukua kikishuka chini ya 0.86. Ukungu ni mvumilivu zaidi, mwingi wake hukwama karibu na 0.70. Kwa vipande vya matunda na karanga vinavyokaa nje ya friji, mimi hulenga chini ya 0.65. Huna kifaa cha kupimia na huhitaji kukinunua leo. Unachohitaji ni kukumbuka kwamba kila kijiko cha maji, maziwa, juisi au asali nyepesi unachoongeza kinakupandisha juu ya mstari huo.

Asali ya nyuki wadogo imekuongezea tatizo kwa njia hiyo hiyo. Asali ya nyuki wanaouma, ikivunwa ikiwa imeiva, huwa na maji asilimia 17 hadi 20. Ya nyuki wadogo mara nyingi hupita asilimia 25, ni nyepesi, ina uchachu, na huchachuka upesi. Ni asali ya thamani sana, ila mahali pake ni kwenye kijiko au kikombe cha maji ya uvuguvugu. Tena asali ya aina yoyote huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya Tanga, kama ya Dar es Salaam na Unguja, ina unyevu karibu mwaka mzima. Mtu wa Dodoma anaweza kutumia vipimo vyako vyote na vipande vyake visinate, kwa sababu hewa ya kule ni kavu. Kwa hiyo unapofuata maelekezo ya mtu, muulize kwanza anaishi wapi.

Sasa kuvunjika. Karanga nzima ni duara na laini, imefunikwa na mafuta kidogo, na tende inaigusa sehemu ndogo tu. Kisu kikipita, hakiikati, kinaisukuma, nayo inang'oka na kuacha shimo. Shimo moja likikutana na jingine, kipande kimekwisha. Ponda karanga na korosho ziwe vipande vya ukubwa wa punje ya mchele hadi nusu ya punje ya mahindi, na robo yake uitwange zaidi, karibu na unga. Unga huo hujaza nafasi kati ya vipande vikubwa na kunyonya unyevu wa ziada wa tende. Hapo mchanganyiko utashika wenyewe bila asali.

Nianze na ununuzi wa tende. Usinunue zilizo kavu kama mbao, wala zile zinazovuja shira. Bonyeza moja kwa vidole: inatakiwa ibonyee, ibaki na alama, na isikuachie maji mkononi. Tende za kubanwa zinazouzwa kwa kilo ni nafuu kuliko za boksi na kwa kazi hii zinafaa kabisa. Ila zifungue moja moja. Utatoa kokwa, utatafuta mchanga, na utakagua wadudu, maana ndani ya tende nzuri kwa nje huweza kuwa na unga mweusi ambao ni ukungu, au funza. Tende ya namna hiyo itupe yote. Kokwa huchukua takribani asilimia 10 ya uzito, kwa hiyo ukitaka gramu 300 za nyama ya tende, nunua kama gramu 340. Baada ya Ramadhani bei hushuka. Huo ni wakati mzuri wa kununua akiba, lakini kagua zaidi, kwa kuwa huenda unauziwa mabaki.

Kama tende zako ni ngumu, zipike kwa mvuke. Weka maji kidogo kwenye sufuria, yachemke, weka tende kwenye chujio juu yake bila kugusa maji, funika kwa dakika tano hadi nane. Zitalainika zikiwa zimechukua unyevu kidogo sana. Zitandaze kwenye sinia mpaka mvuke utoke, kisha usage. Na kwa kusaga, sahau blenda. Blenda inataka kitu cha majimaji, ndiyo sababu ulilazimika kuloweka, na ukiilazimisha na tende kavu utaunguza mota. Chombo bora ninachokijua kwa kazi hii ni mashine ya mkono ya kusagia nyama, ile ya kufunga ukingoni mwa meza. Tenga moja kwa ajili ya tende tu, isiguse nyama. Pakaza mafuta kidogo sana kwenye mdomo wake, pitisha tende mara mbili, utapata donge zito la kupendeza. Ukiikosa, kinu na mchi vinafanya kazi ileile, kwa jasho zaidi.

Kwenye karanga naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa hatuzungumzii tena ladha. Karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na kuvu wanaotengeneza sumukuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walifariki kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara, nako chanzo kilikuwa mahindi. Hayo yalikuwa matukio ya sumu nyingi kwa wakati mmoja. Kinachonihofisha zaidi kwenye karanga ni kula kidogo kidogo kwa miaka, kwa kuwa sumukuvu huharibu ini na huongeza hatari ya saratani yake, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Na kukaanga hakuondoi sumu hiyo yote. Kunaua kuvu, lakini sehemu kubwa ya sumu iliyokwisha kutengenezwa hustahimili joto la jikoni.

Kwa hiyo kinga yako ni macho na mikono. Nunua karanga zilizobanguliwa lakini bado zikiwa na ngozi yake, usinunue zilizokwisha kusagwa, na ukatae za bei ya chini isiyoeleweka. Zichambue zikiwa mbichi kwenye sinia jeupe, penye mwanga wa mchana: toa zilizosinyaa, zilizovunjika na kuwa nyeusi, zenye rangi ya kijani au njano iliyofifia, zilizotoboka, zilizoanza kuchipua. Kisha kaanga, zipoe, zifikiche, zipete kwenye ungo, halafu uchambue tena, kwa sababu ngozi ikitoka madoa yaliyojificha huonekana. Ulizozitoa usimpe mtu wala usiwape kuku, maana sumu huwaathiri nao. Zichimbie. Uchambuzi huu hauhakikishi usalama asilimia mia, lakini sumu nyingi hukaa kwenye punje chache mbovu, na ukiziondoa hizo umeondoa sehemu kubwa ya hatari.

Kukaanga bila ovena si kazi ngumu. Sufuria nzito, moto mdogo, mchanga safi uliooshwa na kukaushwa au chumvi ya mawe, koroga bila kuacha. Mchanga hugawa joto na karanga huiva mpaka ndani bila kuungua nje. Ikiiva, ukiivunja katikati rangi ni kama ya kahawa yenye maziwa mengi, na inatoa sauti kavu mdomoni. Iache ipoe kabisa, saa nzima au zaidi. Karanga ya moto ikiingia kwenye tende hutoa mvuke, mvuke unageuka maji ndani ya kipande, na tumerudi kwenye ukungu wako wa siku ya tano.

Kwa korosho, usilipie nzima kwa kitu unachokwenda kuponda. Omba vipande, vinauzwa nafuu kuliko nzima na ladha ni ileile. Zionje kabla ya kununua: korosho au karanga yenye ladha chungu na harufu ya mafuta ya zamani imekwisha kuharibika, na tende haitaificha.

Embe lako ndilo mshukiwa wangu wa pili. Embe lililoiva, kabla ya kukaushwa, lina maji zaidi ya asilimia 80, hivyo kilo moja ya nyama yake ikikaushwa vizuri hukuachia kama gramu 200 tu. Kama kilo yako inatoa gramu 300, bado una maji mengi ndani. Kata vipande vya unene wa milimita tano hivi, vinavyolingana, kwa sababu kinene na chembamba havikauki pamoja. Tumia kaushio la jua lenye wavu na plastiki juu. Ukianika juu ya bati nzi watalaza mayai na vumbi litaganda. Kipande kilichokauka kinapinda bila kuvunjika, na ukikikata na kukiminya hakitoi hata tone. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: jaza embe kwenye chupa ya kioo mpaka robo tatu, funga, tikisa kila siku kwa juma moja. Ukiona umande kwenye kioo, rudisha kwenye kaushio. Kama hauonekani, unyevu umesambaa sawasawa na embe liko tayari. Nanasi la kukausha nalo linapendeza, lakini lina uchachu mkali, tumia nusu ya kiasi.

Vipimo ninavyokupendekezea kwa sinia la sentimita 20 kwa 20 ni hivi. Tende iliyosagwa gramu 300, karanga zilizokaangwa na kupondwa gramu 200, korosho gramu 100, embe kavu lililokatwa vidogo gramu 80, ufuta uliokaangwa mpaka unaruka gramu 50, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, na chumvi robo kijiko cha chai. Kama ulikaangia karanga kwenye chumvi, acha hiyo robo. Nunua mzani mdogo wa jikoni kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kikombe cha tende iliyobanwa na kikombe cha tende iliyolegea hutofautiana sana, na ukitaka kuuza lazima kipande cha Jumatatu kilingane na cha Ijumaa.

Changanya vikavu kwanza, kisha ukande na tende kwa mkono uliopakwa mafuta, kama unga wa chapati, mpaka usione tende peke yake popote. Chukua donge, libane kwenye kiganja, lifungue. Likibaki na alama za vidole na kiganja kikiwa kikavu, limekubali. Likimeguka, ongeza tende kijiko kimoja kimoja. Likiacha shira mkononi, ongeza unga wa karanga au ufuta.

Tandika karatasi ya kuokea kwenye sinia, mwaga mchanganyiko, weka karatasi nyingine juu, na ubane kwa nguvu zako zote ukitumia kitako cha kopo au mti wa kusukumia chapati. Watu wengi hubana kidogo wakidhani friji itafanya kazi iliyobaki. Friji hugandisha tu kile ulichokwisha kubana. Weka ubao juu na mzigo wa kilo tatu au nne, uache saa mbili kwenye friji au usiku kucha mahali pakavu pasipo sisimizi. Kisha kata kwa kisu kirefu, ukikishusha wima kwa mkandamizo mmoja bila kukivuta mbele na nyuma. Utapata vipande 18 vya gramu 40 hivi.

Kwa hali ya hewa ya Tanga naongeza hatua moja: panga vipande kwenye wavu wa kaushio, visigusane, saa tatu au nne za jua kali, uvigeuze mara moja. Uso wake hukauka na hauvuti mkono tena. Siku ya mvua, sufuria pana nzito yenye kifuniko, juu ya moto mdogo kabisa, na wavu au visahani ndani vikiinua sinia lisiguse chini, itafanya kazi hiyo kwa dakika 20, kifuniko kikiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Subiri vipoe kabisa ndipo ufunge. Funga kimoja kimoja kwenye kifungashio kisichopitisha hewa. Karatasi peke yake inapitisha unyevu, kwa hiyo ukipenda sura yake, iweke juu ya kifungashio cha ndani.

Kwa muda wa kukaa, usikisie na usiamini namba ya mtu mwingine, hata yangu. Kila unapotengeneza, weka vipande sita kando, vimefungwa kama vya kuuza, kwenye kabati bila friji. Fungua kimoja kila baada ya siku tano: tazama, nusa, vunja katikati, na kionje ikiwa tu hakina doa wala harufu. Utakapoona mabadiliko ya kwanza, hesabu siku zilizopita tangu utengeneze, zigawe kwa mbili, na hiyo nusu ndiyo tarehe ya mwisho utakayoiandika. Nikitazama vipimo nilivyokupa, nategemea vikae majuma mawili au zaidi nje ya friji. Na kipande chenye ukungu hakikwanguliwi. Kinatupwa, pamoja na vilivyokigusa.

Huenda utaulizwa vilivyo vikavu vya kuvunjika mdomoni, kama kashata. Tengeneza kashata yenyewe basi, ya karanga au ufuta, bila tunda. Sukari gramu 200, maji robo kikombe, matone machache ya ndimu ili shira isirudi kuwa chembechembe, chemsha mpaka tone lake likitupwa kwenye maji baridi linavunjika kwa mlio. Kwa kipimajoto ni nyuzi 146 hadi 150. Hapo mimina karanga gramu 300 zilizo na joto, tandaza, kata kabla hazijapoa. Embe kavu usilitie humo. Unyevu wake mdogo utahamia kwenye sukari iliyokauka, na kwa siku mbili kashata yote italainika na kunata.

Kwa watoto wako, kipande kimoja cha gramu 40 kina nishati kama kilokalori 170, kinatosha mapumziko ya saa nne, na maji ya kunywa pembeni. Usiwaambie wala usiandike kwamba hakina sukari. Kina kama gramu 13, karibu zote za tende na embe. Unachoweza kusema kwa ukweli ni kwamba hukuongeza sukari. Tende hung'ang'ania meno, kwa hiyo wasukutue baada ya kula. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe kipande chenye punje za karanga au korosho, kwa hatari ya kupaliwa. Mtengenezee vyenye karanga zilizosagwa laini kabisa. Na wa chini ya mwaka mmoja asionje asali ya aina yoyote.

Ukianza kuuza, andika kwa herufi kubwa juu ya kifungashio: INA KARANGA, KOROSHO NA UFUTA. Wapo watoto ambao karanga moja huwafunga pumzi, na mwalimu anayegawa chakula darasani anatakiwa alione onyo hilo kabla ya kufungua. Chini yake andika viambato kuanzia kilicho kingi, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho. Kisha nenda ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ya mkoa wako, hapo Tanga ipo. Ndiyo njia ya kawaida ya mjasiriamali mdogo kupata mafunzo ya usindikaji na kuelekezwa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu Julai 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula badala ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Nenda na kipande chako na daftari la vipimo. Waulize pia gharama ya kupima sumukuvu kwenye karanga zako. Ukipata muuzaji ambaye karanga zake zimepita kipimo, nunua kwake gunia zima, ulihifadhi juu ya mbao mahali pakavu penye hewa, mbali na ukuta.